Kipokezi: Neno Nililolifasiri Vibaya

Mwaka jana, mvua zilipoanza kukolea, yaya wangu alinipa karatasi mbili alizoziandika kwa Kifaransa, akaniomba nizitie katika Kiswahili. Yeye alisoma biolojia. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na nyumbani kwetu Mangobo maana yake ni kwamba kila tangazo la kanisa, kila barua ya ukoo na kila maelezo ya dawa huletwa kwangu. Safari hii yalikuwa maelezo juu ya malaria. Yaya alikuwa ameombwa azungumze na akina mama wa mtaa kuhusu vyandarua, na alitaka waambiwe kwa lugha yao, si kwa Kifaransa cha darasani.

Yaya ni mtu asiyependa kueleza nusu. Mwingine angesema "laleni ndani ya chandarua" na kuketi. Yeye aliandika safari nzima ya kimelea: kutoka mate ya mbu hadi kwenye damu, kutoka kwenye damu hadi kwenye ini, na humo ndani ya seli moja ya ini ambamo kinajificha na kuongezeka kwa muda wa kama siku saba kabla homa haijaanza. Katika aya ya nne alitaja protini iliyo kwenye utando wa seli za ini, iitwayo CD81. Akaeleza kwamba mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwa panya wa maabara. Na akaiita, kwa Kifaransa, "récepteur".

Nilifasiri bila kusita: kipokezi. Katika kichwa cha aya nikaandika "Kipokezi cha malaria". Neno lilikuwa fupi, lilifuata kanuni zote za uundaji wa maneno tulizofundishwa, na nakiri kwamba nililifurahia.

Akina mama kama ishirini walikuja kuketi katika lupango letu siku ya Jumamosi alasiri. Yaya alisoma, mimi nikasaidia pale alipokwama. Tulipomaliza aya ya nne, koko mmoja jirani yetu aliinua mkono. Wote tulijua kwamba alikuwa amemzika mjukuu wake miezi michache kabla, mtoto wa miaka minne, kwa malaria.

"Njo kusema mwili ya mutoto yangu ilikuwa na kitu ya kupokea malaria?"

Yaya alimjibu kwa upole kwamba watu wote wanacho kitu hicho. Koko alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo alilolitarajia, akasema: "Alikuwa mutoto ya kupokea. Hata ukimupa muhogo mukavu, anasema aksanti."

Hakuna aliyecheka. Mama mwingine akauliza, kama Mungu ndiye aliyeumba mwili, kwa nini aliweka ndani yake kitu cha kupokea ugonjwa. Msichana mmoja aliyekuwa anasoma sekondari akauliza kwa nini basi madaktari wasikiondoe. Yaya alijaribu kujibu, lakini mazungumzo yalikuwa yameshatoka mikononi mwake, na hayakutoka kwa kosa lake. Maelezo yake ya Kifaransa yalikuwa sahihi. Kilichoharibu ni neno langu.

Usiku ule nilirudi kwenye neno hilo kama ninavyorudi kwenye zoezi nililolikosa. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufundishwa kwamba ngeli ya KI-VI hutuzalia majina ya vifaa. Kifuniko hufunika, kizibo huziba, kipimo hupima. Ukimpa Mswahili yeyote jina la aina hiyo, hata kama hajawahi kulisikia, atakwambia kazi ya kifaa hicho. Kwa hiyo kipokezi ni kitu kilichotengenezwa ili kipokee, na kipokezi cha malaria ni kitu kilichowekwa mwilini kwa kazi ya kupokea malaria. Koko hakukosea kuelewa. Alifuata sarufi barabara, ikamfikisha pale nilipompeleka.

Kisha kuna kitenzi chenyewe. Kupokea ni tendo la hiari na la adabu: tunapokea mgeni, tunapokea zawadi, tunampokea mtu mzigo begani. Ugonjwa haupokewi. Katika Kiswahili, kile cha vitabuni na hiki chetu cha Kisangani, mtu hushikwa na malaria, hupatwa na homa, malaria humkamata. Mara nyingi ugonjwa ndio mtenda, na mgonjwa hukaa upande wa mtendwa. Waliotuachia lugha hii walimweka mgonjwa mahali ambapo hawezi kulaumiwa. Mimi, kwa neno moja, nilimtoa mjukuu wa koko kwenye nafasi ya mtendwa nikamfanya mtenda. Alipokea. Tena alipokea kama alivyopokea muhogo, kwa aksanti.

Asubuhi nilimwomba yaya anieleze CD81 upya, polepole, na safari hii nikasikiliza kama anayetaka kujua kitu chenyewe, si jina lake tu.

CD81 ni protini ndogo, mnyororo wa asidi amino 236. Mnyororo huo umeshonwa ndani ya utando wa seli: unaupenya mara nne, kama uzi unaoingia na kutoka katika kitambaa, na kuacha kitanzi kimoja kidogo na kimoja kikubwa upande wa nje. Protini za umbo hilo ni ukoo mzima, unaoitwa tetraspanini, na zimo kwa panya kama zilivyo kwetu. Kazi yake haifanyiki kwa upweke. Tetraspanini hukusanya protini nyingine kwenye utando, huziweka karibu karibu na kuzisaidia kufanya kazi pamoja. Ukiitafuta CD81 katika mwili wa panya utaikuta kwenye seli za aina nyingi sana, si kwenye ini tu.

Niliuliza juu ya majina, kwa sababu majina ndiyo taaluma yangu. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliieleza protini hii kwa jina la TAPA-1. Ni kifupi cha maneno yenye maana ya "shabaha ya kingamwili inayozuia kuongezeka kwa seli". Walikuwa na kingamwili iliyosimamisha ukuaji wa seli fulani za saratani ya damu, wakatafuta inagusa nini, wakaikuta protini hii. Baadaye iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya molekuli za utando zinazotambuliwa kwa kingamwili, na huko ikapewa namba 81. Mwaka 1998 ikaonekana kwamba virusi vya homa ya ini ya aina C huishika CD81 ya binadamu kwa protini ya ganda lao. Hapo ndipo watu walipozoea kuiita kipokezi.

Tazameni majina hayo matatu. La kwanza linasema ilivyolengwa na kingamwili ya maabara. La pili ni namba ya orodha. La tatu linasema virusi huifanyia nini. Hakuna hata moja linalosema yenyewe inafanya nini. Ni kama mtu aliyeibiwa, kisha mtaa mzima ukaanza kumwita Kaibiwa, na watoto wakakua bila kujua kwamba alikuwa fundi wa baiskeli.

Sasa nifike kwa panya, maana wao ndio waliotufungulia jambo hili. Hapa pia tafsiri yangu ilikuwa na shimo. Nilikuwa nimeandika "panya" tu. Kwa akina mama wa Mangobo, panya ni yule anayetoboa gunia la unga usiku, au ni motomba, panya mkubwa wa msituni ambaye akifika sokoni hana sifa mbaya hata kidogo. Kifaransa kina "souris" na kina "rat". Sisi tunawaita wote panya, na "kipanya" kimeshachukuliwa na kompyuta. Ingenipasa niseme panya mdogo mweupe wa maabara. Na ingefaa niongeze kwamba vimelea vya malaria wanavyopewa panya hao weupe vilitoka pande zetu.

Mwaka 1948, wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, Ignace Vincke na Marcel Lips walipata Katanga kimelea cha malaria katika damu ya panya wa vichakani, Grammomys surdaster. Walikiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya mwanasayansi Mbelgiji Louis van den Berghe. Jina la panya yule katika lugha za Katanga halimo katika jina la kimelea. Kimelea hicho kilihamishiwa kwa panya weupe, na tangu hapo kimezunguka maabara za dunia nzima. Katika miaka ya 1960 kingine, Plasmodium yoelii, kilipatikana kwa majirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, nacho kwa panya wa vichakani. Vimelea hivi haviwapati watu. Ndiyo maana vinatumika: daktari anaweza kuchunguza malaria ndani ya kiumbe kizima bila kumgusa mtoto wa mtu.

Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa, wakiwemo Olivier Silvie na Dominique Mazier, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa panya waliozaliwa bila jeni ya CD81. Waliwaingizia P. yoelii. Katika panya wa kawaida kimelea kilikua ndani ya ini. Katika panya wasio na CD81 hakikukua. Walipochukua seli za ini za binadamu na kuzipa kingamwili zinazoifunika CD81, kimelea cha P. falciparum, ambacho ndicho kinachoua watoto wetu, nacho kilizuiwa.

Yaya alipofika hapo nilimsimamisha. Nilimwomba aniambie kwa sentensi moja walichokithibitisha. Alifikiri, kisha akasema: "Panya asipokuwa na CD81, P. yoelii haikui katika ini lake."

Asipokuwa. Tumelisoma -sipo- katika mwaka wa pili, tukalijaza katika majedwali ya viambishi, tukalifanyia mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba aina nzima ya ujuzi imejengwa juu yake. Panya wa maabara hasemi protini ni nini. Anasema tu kitakachokosekana isipokuwapo. Hiyo ni sentensi ya masharti kanushi, na kutoka kwenye sentensi hiyo hadi "CD81 hupokea kimelea" ni mbali. Ukivunja daraja la mto Tshopo, mwizi aliye ng'ambo hataweza kuja usiku. Hapo umethibitisha kwamba mwizi alihitaji daraja. Hujathibitisha kwamba daraja lilijengwa kwa ajili yake. Muhogo na mkaa navyo vitakwama ng'ambo, na wewe utajifunza kazi ya daraja kwa njaa.

Kuna jambo jingine. Virusi vya homa ya ini C vilionekana vikiishika CD81. Kuhusu kimelea cha malaria, yaya alisema, mshiko wa namna hiyo haujaonyeshwa. Kinachojulikana ni kwamba CD81 lazima iwepo. Huenda inafanya kazi kwa kuwaweka pamoja wenzake kwenye utando, kama ilivyo desturi ya ukoo wake. Kwa hiyo hata ningekisamehe kitenzi kupokea, bado neno langu lilidai zaidi ya kile watafiti walichokiona.

Nilijifunza pia kwamba nilikuwa nimechanganya vitenzi viwili ambavyo watafiti wanavitenganisha kwa makini. Katika tafsiri yangu kimelea "kinaingia" kila mahali. Kumbe kikifika kwenye ini, kwanza kinapita. Hupasua utando wa seli, huvuka ndani yake, hutokea upande wa pili, na hufanya hivyo kwa seli kadhaa bila kukaa popote. Kisha kwenye seli moja hubadili mwendo. Hakipasui tena, hujisukuma taratibu huku utando wa seli ukikunjamana kukizunguka, mpaka kinajikuta ndani ya kifuko. Ni katika kifuko hicho tu kinaweza kukua na kuzaana. Kwa P. yoelii, kupita hakuhitaji CD81. Kuingia na kukaa ndiko kunakohitaji.

Sisi wa Kisangani tuna neno la mwendo ule wa kwanza, nasi tunalipanda kila siku: toleka, baiskeli ya abiria iliyopewa jina lake kwa Kilingala, "tupite". Kimelea katika seli za mwanzo ni abiria wa toleka. Nilipomwambia yaya hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akaandika pembeni mwa karatasi yake.

Basi nirudi kwenye swali la yule msichana wa sekondari: kama ni hivyo, kwa nini isiondolewe? Jibu limo katika panya walewale. Panya wasio na CD81 huzaliwa na huishi, lakini wana upungufu. Seli B, zinazotengeneza kingamwili za mwili, zina protini mwenzake iitwayo CD19, ambayo huzisaidia kuamka upesi zinapokutana na adui. CD81 huisaidia CD19 kufika kwenye utando. Panya asipokuwa na CD81, CD19 hupungua juu ya seli B zake, na kingamwili anazozitoa dhidi ya baadhi ya vitu hudhoofika. Hilo si la panya peke yao. Mwaka 2010 watafiti walieleza habari za mtoto aliyezaliwa bila CD81 inayofanya kazi: seli zake B hazikuwa na CD19 juu yake, kingamwili zake zilikuwa chache, na maambukizi yalimrudia mara kwa mara.

Na kuna kazi ya tatu, ambayo yaya aliitaja kwa sauti ya chini kidogo, kama tulivyolelewa. CD81 imo pia kwenye utando wa yai la panya jike, pamoja na ndugu yake CD9. Majike wasio na CD81 huzaa kwa shida, na baadhi yao hawazai. Wasio na zote mbili hawazai kabisa, kwa sababu mbegu ya dume inafika kwenye yai lakini haiungani nalo.

Nilikaa kimya nikihesabu. Protini hii husaidia mwili kutengeneza kingamwili. Husaidia yai kuungana na mbegu ili mtoto apatikane. Malaria imeikuta hapo, kwenye kazi zake, ikaitumia. Mimi nikaipa jina la malaria.

Yaya aliongeza jambo ambalo lilinifurahisha kama mtu wa Kongo na kunisikitisha kama mtu wa Mangobo. Kile kimelea cha Katanga, P. berghei, hakisimamishwi na kukosekana kwa CD81. Kina njia nyingine. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba kinaweza kutumia protini ya pili ya utando, inayoitwa SR-B1, ambayo kwa kawaida huiletea seli mafuta ya kolesteroli kutoka kwenye damu. Hata P. vivax, mojawapo ya vimelea vya malaria vya binadamu, huitegemea hiyo ya pili. Maana yake ni kwamba hata ukiziba njia moja, wapo wanaojua nyingine. Nayo SR-B1, kama mwenzake, haikuwekwa pale kwa ajili ya mgeni huyo.

Juma lililofuata nilikwenda kwa koko. Sikuenda na karatasi. Nilimkuta akichambua maharage, nikaketi kwenye kigoda, tukaulizana habari za nyumba. Kisha nikamwambia kwamba neno lililosomwa siku ile lilikuwa langu, na lilikuwa kosa. Nilimweleza kwa kadiri nilivyoweza: kwamba katika mwili wa kila mtoto kuna kitu kidogo chenye kazi zake, kazi ya kusaidia kupigana na magonjwa, na kazi hata kabla mtoto hajawa mtoto, mama na baba wanapokutana, kwamba malaria haina kitu chake mwilini, inatumia cha wenyewe, na kwamba mjukuu wake hakupokea kitu.

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema: "Njo kusema mwizi aliingilia mulango ya watoto."

"Ndiyo, koko."

"Mulango haina kosa."

"Haina, koko."

Hakusema zaidi, nami sikutaka aseme zaidi. Aliniuliza kama mama yangu amepona mguu.

Njiani kurudi nilikuwa nikikirudia kitenzi chake. Kuingilia. Mizizi yake ni ingia, na kiambishi cha kutendea kimeongezwa, kile tunachokichora kwenye ubao kila mwaka. Kinaeleza mahali pa kupitia: aliingilia dirishani, aliingilia mlango wa nyuma. Lakini katika matumizi ya kila siku kinabeba pia maana ya kujitia pasipokuhusu, kuvamia lisilo lako. Katika neno moja kuna njia na kuna ubaya wa aliyeitumia, na mwenye nyumba anabaki bila lawama. Kamusi zangu za istilahi zilikuwa mezani juma zima na sikulipata neno hilo, kwa sababu nilikuwa natafuta nomino. Nilitaka jina la kitu. Koko alikuwa akitafuta nani alimtendea nani.

Simaanishi kwamba tutupe neno kipokezi. Zipo protini za utando ambazo kwa kweli hupokea: insulini hutumwa na mwili wenyewe, na seli zina protini inayoingoja na kuitambua. Hiyo ni kupokea kwa maana yake yote, na kipokezi cha insulini ni jina jema. Wala sidai kwamba mlango wa koko ni picha kamili ya CD81. Pengine protini hii ni fremu tu inayoushikilia mlango. Lakini picha yake inaweka lawama mahali pake, na yangu haikufanya hivyo.

Tunapofundishwa kuunda istilahi tunaambiwa tupime ufupi wa neno, ulinganifu wake na kanuni za sarufi, na kama linaweza kuzaa maneno mengine. Kipokezi kilifaulu mitihani hiyo yote. Ningependa kitivo chetu kiongeze mtihani mmoja: neno litiwe ndani ya sentensi kamili, pamoja na mtenda na mtendwa wake, kisha lisomwe mbele ya mtu ambaye jambo lenyewe limemgusa. Si lazima awe msomi. Aachiwe nafasi ya kuuliza, na mwenye kufasiri anyamaze asikilize kile ambacho sarufi imemwambia mtu huyo.

Karatasi za yaya tumezisahihisha. Aya ya nne haina tena kichwa. Inaanza hivi: "Kwenye seli za ini kuna protini ambayo mwili unaitumia kwa kazi nyingi njema. Kimelea cha malaria huingilia hapo. Isipokuwapo, hakiwezi kukaa." Ni ndefu kuliko kipokezi cha malaria, na yaya analalamika kwamba haikai vizuri kwenye bango. Aya ya tano haijabadilika. Inasema mbu azuiwe kabla hajamfikia mtoto, na chandarua kilichotoboka kishonwe leo, kabla jua halijatua.